Upande Usioelekezwa kwa Kidole

Kisima kilituangukia asubuhi. Mimi na mdogo wangu tulikuwa mafundi wa visima, na katika miaka ile ya Mjerumani kazi hazikutupungukia hapa Mafia, maana kila mwenye minazi alitaka maji yake karibu. Hiki kilikuwa cha shamba moja upande wa Kilindoni, kwenye mchanga mtupu. Tulimwambia mwenye shamba kwamba kuta zinataka mbao. Akasema mbao zitakuja, nyinyi endeleeni. Tukaendelea.

Mdogo wangu alikuwa ameinama anajaza kikapu, mimi nimesimama ubavuni pake nafunga kamba. Sikusikia kishindo. Nilisikia kama mchele unamwagwa kwenye ungo, kisha giza. Nilipofumbua macho mchanga umenifika kifuani na mdogo wangu simwoni. Halafu nikahisi vidole vyake vimenishika kifundo cha mguu.

Alikuwa hai, chini yangu, nami siwezi hata kuinama.

Wavuta kamba wetu walikimbilia kijijini kutafuta watu na mbao. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Aliyechungulia ukingoni ni mwalimu wa shule, kijana wa Tanga aliyepewa chumba pale shambani. Alitaka kushuka. Alipoweka mguu tu, mchanga mwingine ukamiminika ukanifika mabegani.

"Usishuke!" nikamwambia. "Utatuua."

"Basi nitakaa hapa. Usifumbe macho, fundi. Zungumza nami."

Nimwambie nini? Nilisoma Yasini mpaka nikaanza kuchanganya aya, na macho yakawa yanafumba yenyewe. Ndipo akaanza kwa sauti ya darasani, nadhani kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kunirushia.

"Sikiliza. Uzi una kipimo kimoja, urefu. Sisimizi wa kwenye uzi, ukimzuia mbele na nyuma, amekwisha. Mkeka una viwili, urefu na upana. Sisimizi wa mkekani ukimzuia mbele atapita ubavuni. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa mzungushie duara la mkaa. Tuseme huyu hajui juu wala chini, tangu azaliwe hajainua kichwa. Kwake duara lile ni ukuta, atazunguka ndani mpaka afe. Lakini wewe unamwona kutoka juu. Unamchukua kwa vidole, unamweka nje, na duara halikufutika. Wenzake watasema ametoweka."

Vidole mguuni pangu vilikuwa vinabana, vinalegea, vinabana.

"Sisi tuna vitatu," akaendelea, "urefu, upana na kina. Wapo wataalamu wa hesabu wanaosema hesabu haikomei hapo, inakubali na cha nne. Ni upande ambao si mbele, si ubavuni, si juu wala chini. Hatuwezi kuuelekezea kidole. Lakini kwa aliyeko upande huo, kisima hiki kiko wazi kama lile duara. Angekuona mpaka moyo wako ndani ya kifua, na angekutoa bila kusogeza punje moja ya mchanga."

Mimi nilisikia jambo moja tu.

"Na aliye chini yangu? Angemfikia?"

"Angemfikia."

"Basi mwite!"

"Fundi..."

"Mwite, Mwalimu! Kama anataka kafara, mama ana mbuzi. Aanze na mdogo wangu, bado ananishika. Mwite!"

"Siwezi," alisema, na ile sauti ya darasani ilikuwa imekwisha. "Simjui. Sijui hata kama yupo. Ni hesabu tu, ndugu yangu."

Nikamtukana. Nilimtukania wazazi na walimu wake wote. Hakuondoka. Alikuwa analia pale ukingoni, na kila nilipotukana aliitika "naam" ili nisilale. Katikati ya matusi yangu vidole vikabana kwa nguvu, halafu havikubana tena. Havikuniachia pia. Vilibaki hapo tu.

Watu walifika na mbao na magogo ya minazi. Mimi nilitolewa baada ya adhuhuri, mguu mmoja umevunjika. Mdogo wangu alitolewa jioni. Nilimwosha mwenyewe, nimeketishwa kwenye kigoda, na kila nilipompangusa pua mchanga mwingine ulitoka.

Baada ya matanga mwalimu alikuja nyumbani. Alimpa mama shikamoo yake, akakaa mkekani bila kunitazama. Nilimwuliza lililokuwa likininyima usingizi: "Waliokufa wamekwenda upande ule?"

"Sijui," alisema. "Ningependa kukuambia ndiyo. Sijui."

Nilimchukia kwa jibu lile. Nilitamani anidanganye, hata siku ile moja tu. Baadaye alihamishwa, wala hakuja kuaga, nami sikumtafuta.

Kile kisima kilimaliziwa na mafundi wengine, kwa mbao. Maji yake yalikuwa matamu. Mama hakuyagusa, alikwenda kuchota mbali, mtungi kichwani, na njia yake ilipita palepale. Wanawake wa shambani walimwita, "Bibi, maji si haya hapa?" Aliitikia salamu, akapita.