Salamu Haisubiri Taa

Mzee wa kijiji cha Tlawi hufumba mdomo kila anaposalimiwa, na hapo ndipo nesi Violeth anapochoka naye. Kazi yenyewe ni nyepesi: anamulika taa nyekundu ndani ya mashavu na chini ya ulimi, ili dawa kali alizopewa mzee kabla ya kupandikizwa uloto wa mifupa zisimwachie vidonda mdomoni. Mzee anatakiwa kuachama tu. Lakini mfagizi akipita na kusema shikamoo, ile mikono mikubwa ya jembe inaisukuma taa pembeni, mzee anameza mate, anaitikia kwa sauti nzito, kisha anauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua.

"Babu, salamu inaweza kusubiri."

"Haisubiri, binti yangu. Kwani wewe si wa Dongobesh, jirani zetu? Nani alikulea?"

Violeth anasaga meno nyuma ya barakoa na kuanza upya.

Leo ameingia na kufunga mlango, akawasha taa bila hata kumwamkia mzee. Katikati ya kazi, mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mwingine aliyepandikizwa kabla taa hii haijaletwa hospitalini, anafumbua macho. Violeth anamwamkia kwa mazoea tu. Yule vidonda vimemjaa mpaka kooni. Anajaribu kuitikia, machozi yanamtoka, sauti haitoki.

Mzee wa Tlawi anaisukuma taa.

"Marahaba," anasema, na kumeza mate. "Hiyo ni ya mwenzangu. Yangu hujanipa tangu uingie."