Kiganja cha Fundi

Fundi alikuwa na kitu kimoja cha kuringia: kiganja chake cha kulia. Boti ya mkewe, inayovusha abiria kwenda ng'ambo, ina injini tumboni, na shafti ya panga, lile linalosukuma boti, inatoboa boti kwenda nje majini. Pale inapotokea pana kikombe cha shaba kilichoshindiliwa kamba za grisi kuzuia maji. Si kuyazuia yote, la! Tone moja moja lazima lipite, ndilo linaloipoza shafti. Ukilegeza nati ya kikombe mno, boti inakunywa maji. Ukiikaza mno, kamba zinaungua, shafti inalika, na siku moja maji yanaingia kwa fujo mkiwa katikati. Fundi alikuwa akilaza kiganja juu ya kikombe, anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, kisha anasema, "Vuguvugu. Twende."

"Kiganja gani hicho, cha dhahabu?" mkewe humtania toka kwenye usukani. Botini yeye ni Nahodha na mumewe ni Fundi. Mambo ya mama watoto na baba watoto huachwa nyumbani.

Sasa, tangu aanze kuugua sukari, mwili wa Fundi ulikuwa unakufa ganzi. Ulianza mguu, akapuuza. Ukafuata mkono. Vifungo vya shati vikamshinda, akahamia kwenye fulana, na mkewe akiuliza, anasingizia joto. Mtu mzima na akili zake, anajifanya hamnazo kwa mwili wake mwenyewe! Lakini tumwelewe jamani. Bila kiganja kile angekuwa nani mle botini? Abiria tu. Aliogopa hilo kuliko ugonjwa.

Asubuhi moja alitoa kamba zilizochakaa, akapanga mpya, akakaza nati. Wakang'oa nanga, abiria tele. Baada ya muda akashuka kuangalia. Hakuna tone. Lakini kamba mpya zina ukaidi wake, zinaweza kuchelewa kulainika, ndiyo maana akauliza kiganja. Kiganja kikasema shwari.

Nahodha akanusa kuungua. Akapunguza mwendo, akamwachia mkata tiketi usukani, akashuka mbio. Mvuke ulikuwa umetanda. Fundi amechuchumaa, kiganja juu ya kikombe.

"Umepima?"

"Si unaona napima? Vuguvugu."

Nahodha akagusa kwa ncha ya kidole. "Mama yangu!" Akaurudisha mkono upesi. Kisha akatazama kiganja cha mumewe. Bado kilikuwa palepale.

Akakinyakua. Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge. Fundi naye akakitazama kana kwamba ni cha jirani.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na mimi ukanidanganya joto?"

"Ungeniacha nyumbani."

Nahodha alikasirika. Akakimwagia kiganja maji, akakifunga kwa kanga yake, akaokota spana.

"Nielekeze. Nilegeze vipi?"

"Kidogo. Kidogo tena. Basi, ngoja." Tone likadondoka. Likafuata lingine. Shafti ikaendelea kuzunguka polepole. "Weka mkono. Unasikiaje?"

"Moto."

"Tusubiri."

Wakasubiri, wamechuchumaa bega kwa bega, huku abiria wakinung'unika juu.

"Haya, vuguvugu," akasema Nahodha hatimaye.

Fundi akafungua mdomo aseme lile neno lake. Yakatangulia machozi.

"Sema basi, baba watoto," mkewe akamwambia, mlemle botini. "Watu wanangoja."