Mchanga Tulioacha Juu ya Lami

Nakumbuka asubuhi moja pale Mirongo, mwanangu, nilipokuwa fundi kijana mwenye haraka. Tulikuwa tunapiga lipu nyumba iliyo kando ya mteremko wa lami. Uwanja wake ulikuwa mawe matupu, kama unavyoijua Mwanza, kwa hiyo jana yake nilichanganyia mchanga na saruji barabarani. Jioni nikazoa kilichonifaa, mabaki ya mchanga nikayaacha pale pale. Niliona ni kidogo tu.

Asubuhi hiyo akashuka Mabula, muuza maziwa, na madumu mawili nyuma ya baiskeli. Alipofika kwenye mchanga akakamata breki, baiskeli ikalala, naye akaburuzika hadi kwenye mtaro. Mguu ulivunjika. Watu waliokusanyika wakasema alikuwa anakimbia mno. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Fundi mkuu wetu, Mzee Masanja, alisubiri mpaka mgonjwa alipopelekwa hospitali. Kisha akausugua ule mchanga kwa soli ya kiatu, mguu ukateleza.

"Breki zake zimeshika," akaniambia. "Tairi ndilo limekosa pa kushika. Nani aliacha huu mchanga?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi fagia. Ukimaliza, nenda ukamwambie yeye, siyo mimi."

Nilifagia. Kwenda hospitali kulinichukua siku tatu, kwa aibu. Nilipomweleza, Mabula akasema, "Mimi nilikuwa nalala hapa nikijilaumu kwamba sijui kuendesha." Hakunigombeza. Mguu ulipona, ila baiskeli hakuipanda tena. Maziwa aliuza kwa miguu.

Siku hizi nawaona vijana wakichanganya zege juu ya lami kama tulivyofanya sisi, na bodaboda wanapita pembeni. Mwanangu, barabara inaweza kuonekana nzima na bado ikamwangusha mtu: mchanga, oili, tope la tairi za malori, shimo lililojaa maji ya mvua. Ukiwa dereva, punguza mwendo kabla hujafika hapo, si ukiwa tayari juu yake. Ukiwa fundi, usiondoke mpaka barabara iwe kama ulivyoikuta. Na mtu akianguka, angalia kwanza pale chini alipoangukia, ndipo useme habari ya mwendo wake.

Mungu akufikishe uendako, mwanangu, na wanaopita baada yako awafikishe pia.