Wifi Yangu Alipojaza Kanisa

Wifi yangu alifagia kanisa letu tangu ujana wake. Watu walipohamia kanisa jipya ng'ambo ya barabara, lile la spika kubwa, tulibaki vikongwe wachache. Hata hivyo alipangusa kila benchi, hata yale yasiyokaliwa na mtu.

Tukasikia wakubwa wa kanisa wanataka kulifunga. Kisha akaja msomi wa chuo kikuu, anatafiti jinsi makanisa yanavyokua. Wifi akaona mkombozi ndiye huyo: akiandika kwamba tumejaa, hatutafungiwa. Akawabembeleza wanawe na wajukuu, wote wanaosali ng'ambo ya barabara: "Njooni Jumapili moja tu, msiniaibishe."

Nikamwambia, "Wifi, nguo ya kuazima haisitiri maungo."

"Na wewe wifi, huo mdomo wako hauchoki?"

Kanisa likajaa hadi mlangoni. Msomi akapita akimuuliza kila mmoja anasali wapi. Wakajibu kweli, maana ndivyo wifi mwenyewe alivyowalea: "Ng'ambo."

Msomi akamshika wifi mkono kwa furaha. "Bibi, kanisa la ng'ambo limekua mpaka limefurika humu!"

Ndivyo alivyoandika, na wakubwa wakasoma. Jengo letu wakawauzia wa ng'ambo. Spika zimeingia, na mfagiaji wanaye wao.

Mimi sikuwafuata, nasali kwangu. Wifi huja kila asubuhi kufagia chumba changu ambacho nimekwisha kukifagia, nami sina moyo wa kumwambia aache.