Alasiri ya Udongo

Juzi, Majengo, nilimwona mtoto akifinyanga ng'ombe wa udongo. Alipomchoka, akamponda akawa donge, akaanza upya. Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni nyumbani kwetu, mtaa wa Area D.

Baba, karani wa shirika la umma, alirudi mapema jua likiwa kali. Akavua viatu, akaketi chini barazani pamoja nasi watoto tuliokuwa tukichezea udongo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Udongo ulinukia kama mvua ya kwanza. Alifinyanga nyumba, akaiponda, akaulowanisha udongo, akafinyanga nyingine. Mdogo wangu Neema alicheka kila ilipobomoka.

"Baba, uko likizo?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mwanangu. Likizo ndefu."

Nilirukaruka kwa furaha. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika uso kwa khanga. Nilidhani moshi wa jikoni umemwingia machoni.

Sikujua kwamba shirika lilikuwa linauzwa na Baba amepunguzwa kazini. Tulitolewa katika nyumba ile, iliyokuwa ya shirika, tukahamia Mpwapwa kwa bibi. Baba hakupata kazi tena. Mpaka anafariki, kila asubuhi alipiga pasi shati, akalivaa, akakaa kitandani.