Farasi Aliyefunzwa Bila Ufito

Asubuhi ile tulikuwepo hawa: bibi mwenye shamba, amekaa juu ya ukuta wa mawe na kikombe chake cha chai; binti yake, ameshavaa buti za kupandia; msimamizi wa banda la farasi, mtu mzima wa kutoka Ukambani ambaye sote tulimwita Mzee; mkata majani mmoja aliyeitwa kuja kusaidia; ndugu zangu wawili, wa kiume na wa kike, wakinisubiri niwapeleke shule; mimi; na farasi wa kijivu. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja aliisimulia habari hii kwa njia yake, na mimi nataka ijulikane kwamba nilichosema nilikisema mbele ya watu.

Mzee na mkata majani walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa kiunzi cha farasi kuruka, wameshika ufito mrefu wa mwanzi baina yao. Kazi ya ufito ilikuwa hivi. Farasi anapokuja kuruka, watu wawili wanaulaza juu kidogo ya mti wa kiunzi. Yeye akishakuwa hewani, wanauinua kwa ghafla umgonge miguu ya mbele. Anadhani ameugonga mti mwenyewe, na akirudi tena anaikunja miguu zaidi. Mabanda mengi ya farasi wa maonyesho yalifanya hivyo, na Mzee alijifunza kazi hiyo Nairobi ujanani mwake. Hakuwa mkatili. Usiku farasi akiumwa tumbo, ni yeye aliyelala naye bandani.

Lakini farasi wa kijivu alikuwa ameshagongwa wiki ile, na sasa alifika mbele ya kiunzi akasimama. Jasho lilimtoka shingoni kama aliyemwagiwa maji. Alimtazama Mzee, kisha akamtazama mkata majani.

"Mzee," nikasema, "huyu hauangalii mti. Anaangalia mikono yenu."

"Na wewe unaangalia nini? Peleka watoto shule."

"Nitawapeleka. Lakini mkimgonga tena hataruka penye mtu amesimama karibu. Na kwenye maonyesho Mombasa watu watasimama karibu."

Bibi alikishusha kikombe. "Sema tena," akasema.

Nikasema tena, polepole.

Baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi, wa shamba lile, kaskazini ya kivuko cha Kilifi, tangu sijazaliwa. Mama alitutoka mapema. Baba alipofuata, mimi nilikuwa darasa la sita, na darasa hilo sikulimaliza. Bibi alinipa kazi ya baba kwa sababu farasi walinizoea, na chumba cha nyuma ya banda kilifuata kazi. Mwenye kazi ndiye mwenye chumba. Ndugu zangu walilala humo, walisoma humo, na mjomba wetu aliyetaka kuwagawa, huyu aende Marafa na huyu aende Sabaki, nilimjibu kwamba wana kwao. Kwao kwenyewe ni chumba hicho.

Bibi alifikiri hadi chai ikapoa. Kisha akasema, "Maonyesho ya Mombasa ni Agosti. Mpaka hapo huyo wa kijivu ni wako, na ufito hautamgusa. Akikataa kuruka mbele ya watu, ufito unarudi kwa farasi wote, na mimi nitatafuta saisi mwingine."

Habari ya chumba hakuitaja. Hapakuwa na haja.

Mzee aliniambia tulipokuwa tukirudi bandani, "Umejiuza rahisi, mama watoto." Alipenda kuniita hivyo, kwa dhihaka.

"Sijajiuza, Mzee. Nimejikodisha."

Akacheka, lakini ufito akaupandisha juu ya boriti za banda, mahali ambapo mkono wake ungeufikia bila taabu.

Nilianza kama baba alivyoanza na kila farasi. Miti yote niliilaza chini mchangani, nikamwongoza kwa miguu, mimi mbele na yeye nyuma, aivuke kama anayevuka mizizi. Akisimama, nasimama. Akitaka kuunusa mti, naunusa naye. Siku alipouvuka bila kunitazama, niliuinua upande mmoja juu ya tofali. Binti wa bibi alinuna. Alikuwa amezoea kuruka, na sasa alipewa kazi ya kutembea kama anayepeleka mbuzi malishoni.

"Huku ni kuruka kwa vizee," akasema.

"Vizee hawaanguki," nikamjibu, na akaja tena kesho yake.

Kuruka kwenyewe kulirudi kidogo kidogo. Kilichonitia hofu zaidi ni watu. Farasi yule alipomwona mtu amesimama kando ya kiunzi, ngozi yake yote ilitetemeka. Basi nikamzoesha watu. Alasiri, jua likilegea, nilimpeleka kivukoni, tukasimama kando ya njia huku feri ikishusha ulimi wake wa chuma kwa kishindo na malori yakipanda. Mwanzoni alinivuta mpaka viganja vikachubuka. Sikumpiga wala sikumpigia kelele. Nilimrudisha nyuma hadi mahali alipoweza kupumua, tukaanza hapo.

Pale kivukoni palikuwa na mama muuza miwa. Alimtazama farasi akitafuna kipande cha muwa nilichompa, akasema, "Huyu ana meno mazuri kumshinda mume wangu. Na adabu pia."

"Mwambie mumeo aje tumfunze," nikasema.

"Mwanangu, huyo, muwa haumtoshi."

Kila nilipopita baada ya siku hiyo aliniwekea vile vipande vya mwisho ambavyo wateja hawavitaki.

Nyumbani, ndugu zangu wakawa ndio umati wa Mombasa. Walitundika leso za mama kwenye kamba kuuzunguka uwanja, zikawa bendera. Walipiga madebe, walifungua na kufunga mwavuli, walikimbia huku na huku wakijifanya wauza karanga. Ni mdogo wangu wa kiume aliyesema umati bila makofi si umati. Basi kila farasi alipokivuka kiunzi, wote wawili walimpigia makofi, nami papo hapo nikampa muwa. Ikawa ndiyo ada yetu. Ngozi yake iliacha kutetemeka. Makofi yakilia, masikio yanasimama mbele, na macho yanakuwa laini. Tulijiona mabingwa.

Mzee alikuja kutazama, mikono nyuma. "Hii si farasi tena," akasema. "Hii ni ndugu yenu. Muipeleke shule na yeye."

"Ada ya shule yake utalipa wewe, Mzee?" dada yangu akamuuliza.

Siku ile ufito ulikuwa bado uko juu ya boriti.

Agosti ilipofika tulivuka na lori, farasi ndani, mimi nimesimama ubavuni pake. Feri ilipogonga gati alisogeza sikio moja tu. Pale Mtwapa dereva alisimama kununua maji, watoto wakamzunguka kumtazama, na yeye akawatazama. Nikajiambia kwamba mambo yamekaa sawa.

Uwanja wa maonyesho ulijaa. Kulikuwa na wanafunzi, akina mama na leso zao mpya, wafanyakazi waliotoka bara na watu wa mji waliovaa kanzu. Binti wa bibi alikuwa amebeba kiboko, kwa kuwa wapandaji wote hubeba. Tulikuwa tumekubaliana kwamba hatakitumia. Nilisimama kwenye lango la uwanja na Mzee. Bibi alikuwa jukwaani kwenye kivuli.

Farasi wa kijivu alikivuka kiunzi cha kwanza kana kwamba hakipo. Cha pili vilevile. Cha tatu kilikuwa ukuta mwekundu, na aliupita kwa nafasi ya kutosha hata mtu kupitisha kichwa. Upande wa wanafunzi ukalipuka kwa makofi.

Farasi akasimama.

Hakushtuka. Alisimama kwa heshima zote katikati ya uwanja, masikio mbele, macho laini, akaanza kutembea kuelekea kwenye makofi kudai muwa wake. Alifika kwenye kamba, akanyoosha shingo juu ya vichwa vya wanafunzi, akamnusa mwalimu mmoja mfukoni.

"Amekuja kununua," mtu mmoja akasema. "Muuzieni."

"Mpeni soda ya baridi," mwingine akadakia, na uwanja mzima ukacheka.

Mimi sikucheka. Niliona chumba chetu, kitanda, na vitabu vya watoto juu ya sanduku. Mzee aliguna kooni. Binti wa bibi alikuwa amewiva uso kwa aibu, na mkono wenye kiboko ulikuwa umeinuka. Alinitazama mimi kule langoni. Sheria ya mashindano haikuniruhusu kusema neno, basi niliishusha mikono yangu yote miwili chini polepole, kama nilivyofanya kila siku nilipotaka farasi apumue.

Kiboko kikashuka. Akakisukuma chini ya paja, akampapasa farasi shingoni, akalegeza hatamu, akangoja. Watu waliendelea kucheka na yeye akaendelea kungoja. Farasi alipoona kwamba pale hakuna muwa, alipumua kwa nguvu, akageuka mwenyewe. Vilivyobaki alivivuka vyote, na hakuna mti hata mmoja ulioanguka.

Kwa kusimama kule waamuzi walimhesabia makosa mengi, na hakupata utepe wowote wa ushindi.

Bibi alikuja nyuma ya lori, ambapo nilikuwa namwosha farasi miguu. Mzee alikuwa ameshika ndoo.

"Nilisema nini?" bibi akaniuliza.

"Ulisema akikataa kuruka mbele ya watu, bibi."

"Na amesimama."

Nilijua sasa tulichokifanya: tulimfunza kwamba makofi ndiyo mwisho wa kazi na mwanzo wa chakula, na katika umati wetu wa watoto wawili jambo hilo halikuwa na madhara. Nilimweleza hivyo hivyo. Nikamwambia linaweza kuondolewa, na kwamba ufito hauwezi kuliondoa.

"Nilikupa muda," akasema.

Hapo Mzee akaiweka ndoo chini. "Hii farasi imesimama, lakini haijakataa," akasema. "Ile inakataa inarudi nyuma. Hii ilienda mbele, kwa watu. Mwezi wa tatu ilikuwa inaogopa hata mimi."

"Wewe ndiye mwenye ufito," bibi akamwambia.

"Ni mimi. Na bado nasema ufito inafanya haraka. Lakini mimi nimesimama hapo kila jioni, nimeona hii kitu ya makofi na muwa, sikuona makosa. Kama msichana ana kosa, na msimamizi ana kosa." Akafuta mikono kwenye suruali. "Mpe mpaka maonyesho ingine. Ikisimama tena, usitafute saisi. Tafuta msimamizi. Mimi nitaenda nyumbani."

Bibi alimgeukia. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, na nadhani hakuwahi kumsikia akiweka dhamana ya kitu chochote. "Haya," akasema. "Lakini umesema wewe."

"Nimesema."

Njia nzima ya kurudi nilitafuta maneno ya kumwambia. Kivukoni, tukingoja zamu yetu, nikasema, "Mzee, kwa nini?"

"Unauliza sana. Shika farasi."

Kulipokucha nilitoka na farasi uwanjani kabla jua halijapanda, na ndugu zangu nikawatoa kitandani. Niliwaambia wapige makofi sisi tukitembea, wapige tukisimama, wapige bila sababu, na muwa ubaki kwenye ndoo hadi tumalize na tandiko limetoka mgongoni. Makofi ya kwanza, farasi alisimama akanigeukia mfukoni. Sikumpa. Nikangoja. Alikwaruza mchanga kwa ukwato, akaniudhi, akamuudhi mdogo wangu aliyetaka kumhurumia, kisha akapiga hatua moja mbele.

Mzee alikuwa mahali pake penye ukuta, mikono nyuma. Nyumba aliyokuwa akijenga kwao Machakos ilikuwa bado haijafika kwenye linta, juu ya milango, na kazi ile aliihitaji labda kuliko mimi, naye alikuwa ameiweka rehani kwa ajili yangu. Nikamwambia mdogo wangu apige tena, kwa nguvu zaidi. Mwaka mzima ulikuwa mbele yetu, na mpaka uishe, kila mkate ambao mtu yule angekula kwa kazi yake nilikuwa nimeukopa mimi.