Gauni Asilokumbuka Kulishona

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Bi Pindo anainamisha shingo mbele ya cherehani yake na kujaribu kutunga uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza uzi unapita pembeni. Mara ya pili unagota. Anaulamba, anaukaza kati ya vidole viwili, na mara ya tatu unapenya. Anauvuta taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala.

"Zamani nilikuwa natunga nimefumba macho," anasema bila kugeuka. "Sasa nina miwani, nina taa, na bado naibembeleza sindano."

Chumba chake cha kazi kina urefu wa hatua sita. Kuna cherehani ya kukanyaga, nyingine ya umeme inayokwama ikipata joto, meza ya kukatia vitambaa, na waya uliotundikwa nguo zinazongoja wenyewe. Nyingi ni sare za shule. Mlango unatazamana na fundi viatu, ambaye kila asubuhi humwuliza kama ameamka salama, na kila asubuhi hujibiwa kwamba bado anaangalia.

Jina la Bi Pindo alipewa na wateja. Mapindo yake hunyooka, na uzi wake hauonekani kwa nje. Ana umri wa miaka arobaini na saba, na ameshona kwa miaka ishirini na sita. Kwa miaka kama minane kati ya hiyo, alishona akiwa amelewa.

Leo ni mwezi wa kumi na moja tangu alipogusa pombe mara ya mwisho. Lakini hata hesabu hiyo haimkai sawa kichwani.

"Nesi wa kliniki anahesabu tangu nilipoteleza. Dada yangu anahesabu tangu siku aliyonipeleka, kwa hiyo kwake ni miezi kumi na minne. Mimi wakiniuliza ghafla nachanganyikiwa, nasema, subiri kwanza."

Swali la alianzaje humchosha. Anasema watu hutaka asikike kama mtu aliyefiwa au aliyeachwa.

"Mume wangu alifariki, ni kweli. Lakini nilianza miaka miwili kabla ya hapo. Kazi zilikuwa nyingi, mgongo unauma, jirani akanipa kikombe. Mgongo ukanyamaza. Ni hivyo tu. Nimetafuta sababu kubwa zaidi sijaiona."

Chupa ilikaa kwenye droo ya cherehani, nyuma ya bobini za uzi. Ili kuficha harufu, alimung'unya pipi za mnanaa kutwa nzima na kuwagawia watoto waliokuja kupimwa sare. "Mtaa mzima ulijua kwamba napenda watoto," anasema, na kucheka kidogo. "Na nawapenda kweli. Hapo napo sijui nijisifu au ninyamaze."

Siku iliyoivunja nyumba yake ilikuwa ya mashati. Shule moja ilikuwa imeagiza mashati kumi na moja. Asubuhi ya kuyapeleka, binti yake, msichana wa miaka ishirini wakati huo, aliyakuta yamepangwa mezani, yamepigwa pasi, vifungo vimekaa sawa. Kila shati lilikuwa na mikono miwili ya kushoto.

"Alicheka kwanza," Bi Pindo anakumbuka. "Kisha akaacha kucheka, akakaa chini sakafuni. Akaniuliza, 'Mama, nani atayavaa haya?' Nikamwambia, watoto wenye mikono ya kushoto. Niliona nimesema jambo la maana."

Wiki ile ile binti alikusanya nguo zake na kuhamia kwa mama yake mkubwa, dada wa Bi Pindo. Hakugombana na mtu. "Alifunga mlango polepole. Ningependa aubamize, ningejua amekasirika."

Mwezi haukuisha kabla dada mtu hajaja kumchukua. Hakuja na maneno mengi. Alimwogesha, akambadilisha nguo, akampeleka kliniki. Pale walimkuta nesi mwanamke wa makamo, mnene, mwenye raba miguuni kama mtu anayetoka mazoezini.

"Nilitegemea aniulize ninakunywa kiasi gani. Nilikuwa nimeshaandaa uongo. Akaniuliza, 'Leo umekula?' Sikukumbuka kama nimekula."

Nesi aliwaeleza kwamba mwili uliozoea pombe kwa miaka hauachishwi ghafla nyumbani, kwa kuwa mtu anaweza kupata degedege na hata kufa. Bi Pindo alilazwa siku tisa kwa dawa na uangalizi. Baada ya hapo alianza kwenda kila Jumatano kwenye chumba kidogo cha kliniki, chenye viti saba, ambako watu wenye shida kama yake hukaa na kuzungumza.

Katika mwezi wa tatu wa matibabu aliteleza, akanywa tena. Hakufiwa, wala hakugombana na mtu. Ilikuwa Jumanne, na alikuwa amemaliza kazi nzuri.

Kesho yake alikwenda kliniki hivyo hivyo, harufu inamtangulia, akasimama mlangoni. Nesi alivuta kiti. "Afadhali umekuja," akamwambia. "Kaa." Mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa basi akampa maji yake ya kunywa, na mazungumzo yakaendelea kutoka yalipokuwa yameishia.

"Njia nzima nilikuwa najiandaa kutukanwa," anasema Bi Pindo. "Majibu yote nilikuwa nayo, hata ya jeuri. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikarudi nayo nyumbani. Wiki mbili niliamini wanapanga kunifukuza. Ukigombezwa unajua umesimama wapi. Ukipokelewa vile, unabaki unajiuliza, hawa wananitaka nini?"

Hajapata jibu kamili, lakini hajakosa Jumatano hata moja tangu siku hiyo.

Kisha likaja gauni.

Miezi miwili iliyopita, karani mmoja mwanamke, mwenye umri wa miaka thelathini hivi, aliingia na mzigo uliofungwa kwenye shuka. Akamwamkia kwa furaha ya mtu anayekutana na ndugu. Bi Pindo aliitikia marahaba, akatabasamu, na kumpa kigoda, huku akili yake ikimtafuta mgeni huyu kila kona bila kumwona.

Shuka ilipofunguliwa, ndani kulikuwa na gauni la harusi la rangi ya maziwa, kifua chake kimelazwa marinda membamba kama kurasa za kitabu. Bi Pindo aligeuza pindo upande wa ndani. Mwisho wa mshono kulikuwa na mapigo matatu ya kurudi nyuma, alama anayoiweka kwenye kila nguo yake tangu alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji.

"Ulikuwa mkono wangu. Ningekula kiapo," anasema. "Lakini ningeweza pia kula kiapo kwamba sijawahi kuliona. Na lilikuwa zuri, tena kuliko chochote ninachokumbuka kukishona."

Karani alitaka lingine kama lile, kwa ajili ya mdogo wake. Akaanza kusimulia. Miaka mitano iliyopita mama yao alikuwa mgonjwa, haamki kitandani, na alitaka kuliona gauni la bintiye likishonwa. Bi Pindo alikwenda kwao mara tatu. Alikaa miguuni pa mgonjwa, akashona marinda yale kwa mkono, na wawili hao wakawa wanacheka mpaka nyumba nzima ikawa inauliza kuna nini. Mama alifariki wiki tatu baada ya harusi.

"Wewe ndiye uliyemchekesha mara ya mwisho," karani alimwambia. "Sijawahi kukushukuru."

Ingekuwa rahisi kuitikia kwa kichwa. Bi Pindo anakiri kwamba kichwa kilishaanza kwenda.

"Mwanangu," akasema, "sikumbuki."

"Hukumbuki nini?"

"Gauni. Mama yako. Hata nyumba yenu siikumbuki. Wakati ule nilikuwa nakunywa."

Karani alilifunga gauni ndani ya shuka, akaaga kwa adabu na kuondoka. Hakusema kama atarudi.

Jumatano iliyofuata, Bi Pindo aliwauliza wenzake kwenye vile viti saba: gauni lile limeshonwa na nani? Kama alikuwa amelewa, je, ni lake?

Dereva mstaafu alijibu kwanza. "Mimi niliendesha basi miaka tisa nimelewa na sikumgonga mtu. Sijawahi kuishukuru chupa. Namshukuru Mungu, na breki."

Mwenzao mmoja, mwalimu wa hisabati ambaye hupenda kubisha, hakukubali. Alisema huenda kweli Bi Pindo alikuwa mchangamfu zaidi alipolewa, na si vizuri kudanganyana. Wakabishana. Nesi aliwaacha wachoke, kisha akamgeukia mwenye swali. "Unaogopa nini hasa?"

"Kwamba yule alikuwa mtu mzuri kuliko mimi."

Nesi alimwekea mkono begani akauacha hapo mpaka saa ya kuondoka.

Siku ya tano tangu aondoke, karani alirudi na lile gauni. Akizungumzia siku hizo, anasema mpaka sasa hajui alichokuwa anahisi. "Nilitaka kukasirika. Nilihisi kama amenichukulia kitu cha mama. Halafu nikawaza, angeweza kunidanganya na mimi ningeondoka nina furaha. Sasa mtu akikwambia ukweli unaokuumiza, unamkasirikia vipi? Sijamaliza kulifikiria."

Alikaa kigodani akamsimulia fundi kila alichokikumbuka: chumba kilivyokuwa, wimbo aliopenda mama, utani wao juu ya wanaume wanaonyonga tai hadi macho yanawatoka. Mwisho akasema jambo alilolificha siku ya kwanza.

"Mama alijua. Ulipoondoka alituambia, huyu fundi amelewa, na pipi zake hazimdanganyi mtu. Lakini mwacheni aje, ana huruma mikononi."

Bi Pindo akainuka, akaenda kuchomoa pasi ambayo haikuwa imechomekwa.

Kulinakili gauni kulimchukua wiki nne. Alilipindua, akalitazama kwenye mwanga, akajaribu marinda ya kifua kwenye kitambaa cha bei rahisi. Mara tatu hayakukaa. Mara ya nne aligundua kwa nini: kwenye gauni la zamani, rinda moja chini ya kwapa la kushoto lilikuwa limelazwa kinyume, na kosa likafunikwa kwa ua la shanga.

"Nilifurahi sana," anasema. "Kumbe yule mlevi naye alikosea. Halafu nikaona aibu kufurahia. Halafu nikaona lile ua limewekwa vizuri mno, nikamwonea wivu tena."

Alimwuliza karani kama alirudie kosa lile au alinyooshe. Karani alipapasa lile ua la shanga. "Sijui," akasema. "Fanya unavyoona." Bi Pindo alilinyoosha, na ua akaliweka hivyo hivyo, ingawa halikuwa na cha kuficha.

Harusi ilifanyika majuma mawili yaliyopita. Alialikwa lakini hakwenda, kwa sababu palikuwa na vinywaji na yeye bado hajiamini. Alitumiwa picha. Mdogo wa karani anaonekana akicheza, mikono juu, na marinda yamekaa.

Kazi inarudi polepole. Kipindi kibaya kabisa alikuwa akimaliza nguo tatu au nne kwa wiki. Sasa hufika kumi na mbili. Anataka kuitengeneza ile cherehani ya umeme, na amemwomba nesi ruhusa ya kuwafundisha kushona wanawake wawili wa kile chumba cha viti saba. Nesi amekubali. Bi Pindo anasema hajui atawafundisha nini zaidi ya kutunga sindano kwa subira.

Lakini linalomkosesha usingizi wiki hii si hilo. Binti yake bado anakaa kwa mama yake mkubwa. Huja Jumapili, husaidia kufagia, hula, huondoka kabla ya giza. Tangu ahame hajavaa nguo iliyotoka kwenye cherehani ya mama yake. Hununua za dukani, hata zisipomkaa.

Jumapili iliyopita alipomaliza kula alisimama katikati ya chumba, akavua viatu, akainua mikono kidogo.

"Mama, nipime. Nataka sketi ya kazini."

Bi Pindo anasema alitamani kumwuliza maana yake ni nini. Kama amesamehewa, au kama ni sketi tu. Alimzungushia mwanawe utepe wa kupimia kiunoni, akasoma namba, akaisahau, akasoma tena.

"Amepungua," anasema, akivuta kitambaa cheusi kuelekea kwenye sindano. "Hilo ndilo pekee ninalolijua kwa hakika. Nimemwambia aje kuijaribu Jumapili. Amesema atakuja."